Agizo kwa Mjumbe Asiyeijua Bandari

Nilialikwa siku moja katika ofisi ya kukatisha tiketi za vyombo vivukavyo baina ya Dar es Salaam na Unguja, nikaitazame kadhia iliyokuwa imewakosesha wenyeji wangu usingizi kwa muda wa juma zima. Walikuwa wamemweka wakala wa akili mnemba, au akili unde kama wengine wapendavyo kuiita, yaani programu ifahamuyo lugha na iliyokabidhiwa zana za kutendea kazi, ili awajibu abiria kwa ujumbe wa simu na kuwapatia tiketi usiku na mchana. Mama mmoja wa makamo aliandika kwamba ataka boti ya saa kumi siku ya pili yake. Wakala alimjibu kwa adabu, akapokea nauli, akampelekea tiketi. Na mama yule akafika bandarini kesho yake punde kabla ya sala ya alasiri, mchukuzi akimfuata na mizigo, akaambiwa kwamba boti yake iling'oa nanga tangu saa nne asubuhi. Tiketi ilikuwa imeandikwa 10:00, na aliyeiandika hakuona ila yoyote ndani yake.

Kila mtu ofisini alikuwa na wa kumtwisha lawama. Meneja alisema akili hizi za mashine hazijakomaa. Kijana mwandishi wa programu alisema abiria hawajui kueleza wanalolitaka. Na karani wa dirishani, mzee aliyekatisha tiketi tangu zama za vitabu vya karatasi ya kaboni, hakusema neno, maana hakuna aliyemwuliza. Mazungumzo ya mama yule na wakala sikuyahitaji. Niliomba nionyeshwe maelezo ya zana ambayo wakala alikabidhiwa, nikaonyeshwa mistari miwili. Zana iliitwa tafuta_safari, maelezo yake yalikuwa maneno mawili, “Hutafuta safari”, na kigezo kimojawapo kiliitwa saa, nacho kikaelezwa kuwa ni “saa ya safari”. Hapo ndipo mushkeli ulipokuwa umelala. Na kwa kuwa nimeukuta umelala pahali pale pale katika ofisi nyingine, naona yafaa niandike haya kwa ajili ya wale watakaopewa kazi ya kueleza zana zao, wawe waandishi wa programu au makarani.

Yapasa kwanza tufahamu jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba wakala huifungua programu ya ofisi na kuichungulia kama karani achunguliavyo daftari. Hasha. Programu ya lugha yenyewe, iitwayo modeli, haigusi chochote. Hupelekewa, pamoja na maneno ya abiria, orodha ya zana zilizopo: jina la kila zana, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, na vigezo vyake, yaani mambo ambayo sharti yajazwe ili zana ifanye kazi, aghalabu kwa mpangilio wa maandishi uitwao JSON. Ikiona kwamba zana fulani yahitajika, huandika ombi lenye jina la zana na vigezo vilivyojazwa. Kisha programu nyingine, iliyotungwa na watu wa ofisi, hulichukua ombi lile, hulitekeleza, na kurudisha jibu kwa maandishi. Mtindo huu ulienea tangu Juni 2023, kampuni ya OpenAI ilipowafungulia waandishi wa programu njia ya kuziwezesha modeli zake kuomba kazi za nje zifanywe. Na Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa itifaki iitwayo Model Context Protocol, ambayo kwayo zana iliyotengenezwa na mtu wa Mombasa yaweza kutumiwa na wakala wa mtu wa Toronto bila wawili hao kujuana hata kwa salamu.

Maana yake ni hii. Msimbo ulio ndani ya zana, ratiba iliyobandikwa ukutani, desturi za bandari, na yale ambayo karani ameyazoea hata hayatambui tena kuwa ni elimu, yote hayo wakala hayaoni. Aonacho ni jina, maelezo na vigezo. Ni kama mjumbe aliyeshushwa usiku katika mji asioujua, akapewa kipande cha karatasi chenye agizo, wala hana mwenyeji wa kumwuliza njia. Naye ni mjumbe mwepesi wa miguu, mwenye bidii, tena asiyeona haya kukisia pale karatasi iliponyamaza. Karatasi ikinyamaza juu ya saa, atazihesabu kama zihesabiwavyo katika maandishi mengi aliyofundishwa nayo, na mengi ya hayo si ya Kiswahili. Kwa hiyo nilimwambia meneja kwamba wakala wake hakukosea agizo. Alilitii kama lilivyoandikwa.

Sentensi ya kwanza ya maelezo na iseme zana yafanya nini, kwa kitendo kilicho bayana na mipaka iliyotajwa. “Hutafuta safari” haikusema safari za nani, za kutoka wapi kwenda wapi, za siku moja au za mwezi mzima, wala kama kutafuta huko kwashika nafasi ya kiti au hakushiki. Inayofuata iseme ni wakati gani zana itumike. Na ya tatu, ambayo ndiyo isahaulikayo kuliko zote, iseme ni wakati gani isitumike na ni ipi ya kutumiwa badala yake. Katika ofisi ile mlikuwa na zana tatu zilizokaribiana mno, tafuta_safari, orodha_ya_safari na ratiba. Nilimwomba kijana anieleze tofauti yake, naye akanieleza kwa muda wa dakika tano, kwa ufasaha wa kupendeza, na nusu ya aliyonambia haikuwa imeandikwa popote. Kipimo nikitumiacho mimi ni kuwapa orodha ya zana watu wawili wageni wa kazi ile, kila mmoja peke yake, na kuwauliza kwa ombi fulani watatumia ipi. Wakitofautiana wao, wakala naye atayumba, leo hivi na kesho vile, na hakuna sifa ya akili yake itakayomwokoa. Mara nyingi dawa haipatikani kwa kuongeza maelezo, hupatikana kwa kuziunganisha zana zenyewe. Zile tatu tulizifanya moja.

Jina nalo lina athari kubwa kuliko watu wadhanivyo, na Kiswahili chetu kina mitego yake. Kukata tiketi ni kuinunua, kukatisha tiketi ni kuiuza, na kukatisha safari ni kuikomesha kabla ya mwisho wake. Sasa fikiri zana mbili, moja katisha_tiketi na ya pili katisha_safari, zimelala ubavu kwa ubavu katika orodha moja, na mkono wa mjumbe wazipapasa gizani. Tulichagua nunua_tiketi na batilisha_tiketi, maneno ambayo hata mwenye usingizi hawezi kuyachanganya. Kwa upande mwingine tuna bahati: mifumo mingi hukubali katika jina la zana herufi za Kilatini zisizo na alama, tarakimu na vistari tu, na tahajia yetu haina nukta wala vikofia juu ya herufi, hivyo jina la Kiswahili hupita salama, isipokuwa lile lenye ng' ya ng'ombe, ambayo ritifaa yake hukataliwa mlangoni. Mwenye zana ya kung'oa nanga na atafute kitenzi kingine.

Lakini penye wingi wa makosa, na kwa hiyo penye haja ya kukaa zaidi, ni katika vigezo. Kigezo ni nafasi tupu inayongoja kujazwa, na kila nafasi tupu ina desturi zake ambazo mwenyeji hazioni. Chukua saa. Sisi tuhesabuo saa kuanzia mapambazuko, na tena kuanzia magharibi, twaona hesabu hiyo ni ya maumbile kama jua lenyewe. Lakini saa kumi yetu ya jioni ni 16:00 katika hesabu ya mashine, na 10:00 ya mashine ni saa nne yetu ya asubuhi. Fauka ya hayo, watu wa pwani huandika saa katika simu kwa namna tatu zilizochanganyika: “saa kumi” kwa maneno, “saa 10” kwa tarakimu, na “10:00” kwa nukta mbili, na huyu wa mwisho yamkini ni mtu wa ofisi aliyezoea ratiba za kigeni, au yamkini ni bibi yake aliyeazima simu yake na kuandika kama asemavyo. Hakuna kanuni iwezayo kuwabaini wote. Kwa hiyo maelezo ya kigezo kile tuliyaandika upya hivi: “Saa ya kuondoka kwa hesabu ya saa 24 kuanzia usiku wa manane, mathalan 16:00. Abiria wengi hutaja saa kwa Kiswahili: saa kumi jioni ni 16:00, na saa nne asubuhi ni 10:00. Abiria asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kabla ya kuiita zana, usikisie.”

Siku nayo ina hila zake. Wakala hajui leo ni siku gani isipokuwa ameambiwa, maana elimu yake iliganda siku mafunzo yake yalipokoma. Basi “kesho” ya abiria haina maana kwake mpaka ofisi impe tarehe ya leo pamoja na kila mazungumzo. Na tarehe hiyo itolewe kwa saa za hapa, zilizotangulia saa za kimataifa, yaani UTC, kwa saa tatu. Mashine nyingi za kuhifadhia programu hufuata UTC, na kwa hiyo abiria anayeandika saa nane za usiku akitaka boti ya leo asubuhi, mashine bado iko jana, nayo itamtafutia boti iliyokwisha vuka. Yule mwingine aandikaye saa hiyo hiyo kwamba ataka boti ya “kesho” ana maana mbili mwenyewe, kwa kuwa kwa mtu ambaye hajalala kesho huanza baada ya kulala. Huyo naye aulizwe. Katika kuandika tarehe tusipokee 03/04, ambayo kwetu ni tarehe tatu Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, 2025-04-03, na mfano wa namna hiyo ndani ya maelezo ya kigezo wafaa kuliko aya nzima ya sheria.

Fedha: kigezo kiitwacho kiasi, kikaelezwa “kiasi cha shilingi”, ni fumbo. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina shilingi, na tarakimu ile ile iliyo nauli ya kuvuka bahari kwa shilingi moja ni bei ya maandazi kwa nyingine. Andika TZS, KES au UGX, kwa kufuata alama za kimataifa za sarafu, na useme kama senti zimo au hazimo. Katika ofisi ile mgeni alitozwa kwa dola na mwenyeji kwa shilingi, na maelezo hayakutaja lolote kati ya hayo mawili.

Mahali: abiria husema Zanzibar akikusudia Unguja, lakini Pemba nayo ni Zanzibar, na mtu wa Wete, Pemba, hatafurahi kushushwa Malindi ya Unguja. Hapa dawa ni orodha iliyofungwa, yaani kigezo kisichokubali ila majina yaliyotajwa, dar_es_salaam, unguja, pemba, pamoja na sentensi moja ya kusema kwamba neno Zanzibar peke yake halitoshi. Orodha iliyofungwa ni neema ambayo waandishi wengi huisahau. Wao huacha nafasi wazi ijazwe maneno yoyote, kisha hulalamika kwamba imejazwa maneno yoyote.

Msomaji ameona kwamba katika hayo yote nimechanganya mambo mawili, kuandika maneno bora na kuitengeneza zana yenyewe, na nimefanya hivyo kwa kusudi, kwani yako makosa ambayo maneno hayawezi kuyaponya. Wahandisi wa Anthropic walieleza mnamo Desemba 2024 kwamba walipokuwa wakimtengeneza wakala wa kurekebisha msimbo kwa ajili ya mtihani uitwao SWE-bench, walitumia muda mwingi zaidi katika zana kuliko katika maagizo ya jumla. Na miongoni mwa waliyoyakuta ni kwamba modeli ilikosea ilipotaja faili kwa njia isiyo kamili baada ya kuhama folda ya mwanzo. Waliibadili zana isikubali ila njia kamili ya faili tangu mzizi wake, na kosa likakoma. Viwandani hekima hiyo ni ya zamani. Mjapani Shigeo Shingo aliipa jina la poka-yoke katika miaka ya 1960, na muradi wake ni kukitengeneza kifaa hata kosa lisipate mlango wa kuingilia. Nasi tulifuata nyayo hizo kwa kadiri yetu: tulikifanya kigezo cha saa kuwa cha hiari, zana ikarudisha safari zote za siku ile, na kila safari ikaandikwa kwa hesabu zote mbili, “16:00, saa kumi jioni”, ili wakala aisome sentensi hiyo kwa abiria kama ilivyo kabla hajapokea hata senti moja. Lau hilo lingalikuwapo tangu mwanzo, yule mama angalisoma “saa nne asubuhi” katika simu yake na kukataa palepale.

Hapa tumeingia katika jambo jingine ambalo maelezo hulisahau, nalo ni kile kirudicho. Mwandishi huandika kwa uangalifu namna ya kuomba, kisha asiseme neno juu ya jibu: kama orodha tupu maana yake ni kwamba hakuna boti, au kwamba boti zimejaa, au kwamba ratiba ya siku ile haijatolewa. Hayo ni majibu matatu yenye huzuni tofauti, na wakala asiyeweza kuyatenganisha atamwambia abiria kwamba hakuna chombo ilhali viti vitauzwa kuanzia Jumatatu. Hitilafu nazo ni majibu. Zana ya ofisi ile ilipokataa ombi ilirudisha maneno “Hitilafu 400” na kunyamaza, naye wakala, kwa bidii yake, akalirudia ombi lile lile mara nne na hatimaye akaomba radhi kwa ufasaha mkubwa bila kusaidia chochote. Tuliandika badala yake: “Tarehe 2025-02-30 haipo, Februari 2025 ina siku 28. Muulize abiria tarehe sahihi.” Hitilafu iandikwe kama vile mwalimu arekebishavyo daftari, aseme kosa liko wapi na lipi la kufanywa. Na jibu lisiwe refu kupita haja. Zana iliyorudisha orodha ya abiria wote wa meli, na namba ndefu za utambulisho ambazo hazina maana kwa binadamu wala kwa wakala, ilikuwa ikimzamisha mjumbe wetu katika karatasi.

Kuhusu zana ambazo tendo lake halirudishiki, kama batilisha_tiketi, maelezo na yaseme waziwazi kwamba tiketi ikibatilishwa hairudi, kwamba nauli itarudishwa kwa kiasi gani, na kwamba abiria sharti akubali kwa maneno yake mwenyewe baada ya kusomewa hayo. Ila nionye: usitegemee maneno peke yake. Agizo lililoandikwa ni usia kwa mjumbe, na mjumbe aweza kughafilika au kughilibiwa na abiria mjanja. Kufuli yenyewe iwekwe ndani ya programu ya ofisi, ambayo haitabatilisha chochote bila ithibati. Nimewaona watu wakiandika katika maelezo “USIBATILISHE KAMWE BILA IDHINI” kwa herufi kubwa, kisha wakaenda kulala wakiwa wameridhika, na mlango uko wazi.

Na kwa kuwa nimezitaja herufi kubwa, niseme la moyoni. Iko ada iliyoenea ya kuandika MUHIMU, MUHIMU SANA, LAZIMA, katika kila mstari wa maelezo, kama mnadi wa sokoni anayepaza sauti kwa kila fungu la nyanya. Mahali pamoja pa kupaza sauti panatosha. Pakiwa kumi, msikilizaji hana njia ya kujua lipi ni la kweli. Vivyo hivyo urefu. Maneno mawili ni machache mno, na Anthropic katika mwongozo wake hushauri walau sentensi tatu au nne kwa kila zana. Lakini nimeona pia maelezo ya kurasa mbili yaliyojaa historia ya mfumo na majina ya idara. Kumbuka kwamba maelezo ya zana zote hupelekwa kwa modeli upya katika kila zamu ya mazungumzo, hula nafasi na gharama kila mara, na kwamba modeli inapoyakata maneno vipande ili iyasome, sentensi ya Kiswahili aghalabu hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ile ile.

Je, hiyo ni sababu ya kuandika maelezo kwa Kiingereza? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na jibu langu huwachukiza watu wa pande zote mbili. Modeli kubwa za leo hukisoma Kiswahili vema, na gharama ya vipande vichache ni ndogo mbele ya gharama ya kosa. Basi andika kwa lugha ambayo mjuzi wa kazi ile anaijua kazi yake kwayo. Ikiwa karani aijua bandari kwa Kiswahili, maelezo yaliyotungwa naye kwa Kiswahili yatakuwa na mambo ambayo mfasiri atayaacha njiani. Ikiwa aliyeijenga zana aliijenga na kuifikiri kwa Kiingereza, na aandike kwa Kiingereza, lakini maneno ya abiria, saa kumi, kesho kutwa, mtondo, kwenda mrima, ayanukuu kwa Kiswahili chake na kuyafafanua.

Kabla ya kuzipokea zana za watu wengine, zisome kwanza kwa macho yako. Mnamo Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha kwamba mtu mwovu aweza kuficha maagizo ndani ya maelezo ya zana ionekanayo kuwa ya kheri, na wakala akayatii, kwa sababu kwake maelezo yote ni maneno ya kuaminiwa. Hili ndilo ninalolisema tangu mwanzo, ila limegeuzwa upande wa giza: aandikaye maelezo ndiye amtumaye mjumbe.

Baada ya kuandika, pima. Usipime kwa maswali uliyoyatunga mwenyewe ukiwa unajua jibu. Chukua ujumbe wa abiria wa kweli, ukisha kuondoa majina na namba zao, umpe wakala, kisha usome hatua kwa hatua ni zana ipi aliyoiita na alivijaza vigezo kwa maneno gani. Kila kosa liulizwe swali moja: ni sentensi gani ambayo haikuwapo? Nimefanya hivyo kwa ujumbe kama sitini katika ofisi ile, siku mbili mfululizo, na makosa yaliyokuwa ya akili ya modeli yenyewe yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mengine yote yalikuwa ya karatasi yetu.

Mwishoni tulipata maelezo haya ya zana ile ya kwanza, tafuta_safari: “Hutafuta safari za boti na meli za ofisi hii baina ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba katika siku moja iliyotajwa, na kurudisha kila safari pamoja na saa ya kuondoka, nauli na viti vilivyosalia. Itumie abiria anapouliza kama kuna chombo, na kila mara kabla ya nunua_tiketi. Haikati tiketi wala haishiki nafasi. Usiitumie kujua kama chombo kilichokwisha ondoka kimefika. Kwa hilo tumia hali_ya_safari.” Meneja aliridhika, kijana aliridhika, nami sikuchukia. Nikaomba aitwe mzee wa dirishani ayasome.

Alivaa miwani, akayasoma polepole hadi mwisho wa vigezo, akarudi juu, akayasoma tena. Kisha akauliza: “Na akisema ataka meli ya usiku wa Ijumaa?” Kijana akajibu kwamba hilo ni rahisi, ni Ijumaa saa nne usiku. Mzee akatikisa kichwa. Kwao Pemba, alisema, siku huingia jua lituapo, na usiku hutangulia mchana wake; usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, nao wewe waita Alhamisi usiku, na wazee wenzake bado hukata tiketi kwa hesabu hiyo, naye huwauliza kila mara kabla hajaandika. Tukatazamana. Kijana akalifungua tena faili, akaweka kidole penye kigezo cha tarehe, na mara hii akamwomba mzee amtajie maneno ya kuandika.